Bonbon ya kuzidi na jina ya Mama Zaina

Rafiki yangu wa kazi, ukae karibu. Wewe unashika leo meza yangu ya kontrol, ya kukagua sashe, na wewe mwengine sijakujua lakini unahesabu bonbon sawa mimi: nawaandikia namna naongea na muntu naweza kumuachia funguo ya nyumba. Mushahara siandike, na nani alipanda cheo siandike. Ile kila muntu anaikumbuka peke yake, na anaikumbuka vibaya. Nataka kuandika kazi. Na ndani ya kazi nataka kuandika jina ya Mama Zaina, juu mpaka leo kuna watu wanaitaja na neno «mwizi» nyuma yake, na mwezi huu ile neno imefika ku mulango ya mujukuu wake.

Nitafika pale. Kwanza mucheke kidogo: mama wa miaka makumi ine na kitu anasema iko retreti, amestaafu. Si mimi niliomba. Mugongo njo ilienda retreti, mimi nimeisindikiza tu. Kuinama miaka yote ile juu ya meza ya bonbon, muntu anabakia na umbo ya ndoano.

Nilianza wakati ya vita, nikiwa binti, na mutoto wa kwanza mugongoni. Treni ilikuwa imelala, barabara zimefungwa, kila kitu kilikuwa kinaingia muji wetu Kindu na avio, ndege ya mizigo: chumvi, sabuni, dawa, na bonbon, ile watu wa Tanzania wanaita pipi. Mutaniuliza: watu wako na vita, bonbon ya nini? Ni vile. Muntu hana nguvu ya kununua kilo ya sukari, lakini bonbon moja ya kumutia mutoto mudomoni anyamaze, ile anapata. Na wa butiki, mwenye duka, akikosa noti ndogo ya kukurudishia, anakutilia bonbon mbili mukononi na kuangalia pembeni.

Depo, gala ya bonbon, ilikuwa Kasuku, mutaa ya Kindu, nyumba ya matofali yenye bati, joto sawa tanuru. Mwenyewe alikuwa Papa Ngongo, mukubwa wa mwili, mupole wa sauti, muntu wa kusali sana, lakini hasara alikuwa anaiogopa karibu sawa jehanamu. Bonbon zilikuwa zinamufikia ndani ya mifuko mikubwa. Sisi wamama tunazigawa ndani ya sashe, vifuko vidogo vya plastiki, makumi tano kila sashe, tunafunga na uzi. Kila mama na rangi yake ya uzi, hivi tunajua sashe ni ya nani. Ya Mama Zaina ilikuwa kijani.

Yeye njo alinipokea siku ya kwanza. Mama wa Kislamu, wa Kibombo, mbele ya vita kuanza alikuwa anauzisha muchele sokoni. Alinikalisha kwa mukeka pembeni yake, akaangalia mikono yangu.

«Binti, unahesabu namna gani?»

«Moja, mbili, tatu...»

«Na mutoto akilia ukiwa kwa kumi na saba?»

«Narudilia, Mama.»

«Basi utafunga sashe moja mpaka Noeli yenu.»

Akanifundisha tano. Unaingiza vidole ndani ya beseni, unatoka na tano, hauangalie. Mukono wa pili, tano. Kumi ile, mara tano, umemaliza. Mwanzo nilikuwa natoka na ine, na sita, na siku moja na kifuniko ya chupa. Alisema: «Mukono njo inahesabu. Kichwa umuachie Mungu.» Kisha ya wiki chache mukono yangu ilijua. Siku masasi ya bunduki ililia ng'ambo ya muto, tulilala chini kati ya mifuko, mimi na mutoto yangu chini ya tumbo. Niligeuka nikamuona Mama Zaina amelala sawa sisi, lakini beseni iko mbele yake, na vidole vinaendelea: tano, tano. Nikamuuliza kama haogope. «Naogopa,» alisema, «lakini kuogopa na mikono mitupu ni mubaya zaidi.»

Sikukawia kwa mukeka. Papa Ngongo alinitia kwa kontrol juu nilijua kusoma, na pia, tuseme ukweli, juu mukono yangu ilikuwa ya polepole. Chombo yangu ya kontrol ilikuwa ubao. Fundi seremala alichimba ndani mashimo makumi tano, safu kumi za tano, na ukingo pembeni bonbon zisianguke. Natwaa sashe kwa kitunga, namwanga, natikisa. Mashimo yote yakijaa, sashe ni muzima. Narudisha bonbon ndani, nafunga. Shimo moja ikibakia wazi, sashe inarudi kwa mwenye uzi. Papa Ngongo alikuwa amenipa amri moja tu: «Eliza, unitafutie ile inapunguka. Sitaki mutoto wa muntu anilaani.» Muone, ilikuwa amri nzuri.

Mangaribi nilikuwa nasoma. Masomo yangu ilikatika njiani juu ya mimba na juu ya vita, nikairudilia kwa kilasi ya wakubwa, kisha ya kazi, ndani ya sale, chumba moja yenye mabenchi ya watoto, magoti yetu yanagusa kidevu. Mwalimu Ramazani alikuwa anatufundisha hesabu ya biashara na statistiki. Vitabu hakuna. Aliniomba niletee sashe moja ya bonbon, tuifanyie masomo. Papa Ngongo aliitoa, akasema irudi. Ilirudi, karibu yote.

Mwalimu alishika ile sashe juu. «Hapa wameandika makumi tano. Mutajua namna gani kama depo nzima inasema kweli? Mutafungua zote?»

Mwanafunzi mumoja, fundi wa radio, akajibu: «Tukifungua zote, tutauzisha nini?»

«Njo vile. Basi munatwaa kionjo. Mama akipika mboga, haikule sufuria nzima ajue kama chumvi imetosha. Anaonja. Lakini anakoroga kwanza.» Kisha akasema neno yenye ilinishika mpaka leo. «Mbele ya kuonja, munasema: hakuna kitu. Sashe iko sawa, muntu iko mwema, hakuna kilichobadilika. Ile njo ipoteze ya kwanza, neno ya kujaribia. Kisha munaangalia kionjo. Ile munaona, ingeweza kutokea hivihivi tu, mukono ulikosea kidogo? Munabakia na neno yenu ya kwanza. Haiwezi kutokea hivihivi? Njo munaiacha.»

Nilimwambia hii inafanana na vile tunafundishwa kanisani kuwaza juu ya jirani. Alinikatalia. «Hapana, Eliza. Imani yako haingoje kionjo. Hii hesabu, kesho kionjo ingine inaweza kuipindua. Usizichanganye, zote mbili zitakuharibikia.»

Sasa nafika kwa shida yenyewe. Papa Ngongo alianza kuandika hesabu ya kila mufuko, na akaona inaisha mbele ya wakati. Mufuko moja ilipaswa kutoa sashe mia mbili. Lakini inakosa sashe tano, inakosa sita, na ingine tena vile. Papa Ngongo alikuja kwa meza yangu.

«Sashe ziko muzima?»

«Ziko, Papa. Hakuna hata moja inakosa kwa ubao.»

«Mufuko inaingia imejaa, niliipima mimi mwenyewe. Sashe zinatoka muzima. Na katikati bonbon inapotea.» Aliangalia wamama kwa mukeka. «Basi imeota miguu.»

Mama Zaina alikuwa anakaa karibu na mulango. Alikuwa na wajukuu wengi ndani ya nyumba, vita ilikuwa imewakusanya kwake. Na alikuwa anafunga vikwembe viwili, nguo za kujizungushia kiunoni, cha chini na cha juu, kipana. Kwa watu ile ilitosha kumufikiria mwizi. Mama Regina, mwenye uzi mwekundu, alianza kwa sauti ya pembeni: «Mwenye kukaa ku mulango iko na sababu.»

«Sababu ni joto, Regina,» Mama Zaina akajibu, na vidole havikusimama. «Wewe unakaa karibu na mufuko. Tuseme nini?»

Watu walicheka, lakini kile kicheko hakikumusaidia. Jioni ile, wakati ya kutoka, Papa Ngongo alisimama ku mulango.

«Mama Zaina, ufungue kidogo kikwembe. Cha juu tu.»

Aliangalia sisi wote, akarudi kumuangalia yeye. «Papa Ngongo, mbele ya hawa watoto?»

«Cha juu tu, Mama.»

Alifungua. Alikikungʼuta mbele ya macho yetu, polepole, sawa muntu anakungʼuta mukeka ya kusalia. Ilianguka tasbihi yake na kipande ya muhogo wa kuchemsha. Hakuna ingine. Papa Ngongo alipata haya, lakini haya haikujaza mufuko. Akamwambia akae kwanza nyumbani mpaka ijulikane. Mama Zaina aliokota tasbihi, muhogo akaiacha pale. Yeye hajafika kwake, habari ilikuwa imekwisha kufika ku bandari, na kesho yake wenye pirogi, mitumbwi ya muto, waliipeleka Lokandu: mama wa bonbon wamemukamata.

Kesho yake kwa kilasi sikuandika kitu. Mwalimu aliniuliza, nikamwelezea yote. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja nilifikiri ni ya kupoteza wakati.

«Kwa ubao yako, unaona sashe za kupunguka ngapi?»

«Hakuna, Mwalimu.»

«Hata moja?»

«Miezi yote hii, hata moja.»

Aliweka chaki chini. «Wamama wenu ni malaika?»

«Ni wamama.»

«Nisikilize. Mukono ya binadamu ikikosea, inakosea pande mbili. Mara inazidisha, mara inapunguza, hivihivi, sawa kuzaa: binti, kijana. Kama wanakuambia ku maternite watoto thelathini wamezaliwa, na hata binti mumoja hakuna, utasema ni bahati?»

«Nitasema kuna kitu.»

«Na wewe uko na sashe mingi, hazina hata moja ya kupunguka, na hauulize. Ubao yako iko na jicho moja. Umetafuta upande gani?»

Nilikumbuka zile bonbon zinabakia pembeni, ku ukingo wa ubao, mashimo yakiisha kujaa. Moja, mbili. Nilikuwa nazirudisha ndani ya sashe na zingine. Hakuna muntu aliniambia nizihesabu.

Asubui nilisali, kisha nikaenda kwa Papa Ngongo. Nilimwomba kitu kimoja: tutoe kionjo upya, na yeye mwenyewe atoe. Si sashe za juu ya kitunga, juu kila mama wa soko anajua kupanga uso wa kitunga. Niliandika namba kwa vikaratasi, sashe zote za depo, na zile za uzi wa kijani zilikuwa bado ndani. Tulitia vikaratasi ndani ya sufuria, tukakoroga. Papa Ngongo aliingiza mukono, akatoa thelathini, kimoja kimoja, anafunga macho sawa mutoto. Tulifungua zile sashe juu ya mukeka, mbele ya wote. Ubao sikuitumia. Tulihesabu na mukono, mimi, na Mama Regina nyuma yangu, kusudi asiseme kitu kisha.

Mbele ya kuanza nilisema kwa sauti: «Tunasema hakuna kitu. Kila sashe ni makumi tano, na mukono ukikosea, umekosea pande zote mbili.»

Sashe ya kwanza, makumi tano na moja. Ya pili, makumi tano na mbili. Ya tatu, makumi tano kamili. Ya ine, makumi tano na moja. Uzi mwekundu, uzi mweupe, uzi wa kijani, uzi mweusi. Kwa thelathini zote, chache zilikuwa kamili, zingine zote zilizidi, na ya kupunguka haikutokea hata moja. Ile neno ya kwanza niliiacha pale pale ku mukeka. Nikapiga hesabu ya mufuko nzima: ile imezidi ndani ya sashe, ukiikusanya, ni sashe sita karibu. Ile ile tulikuwa tunatafuta ndani ya kikwembe.

Papa Ngongo alikaa juu ya mufuko. «Kwa hiyo Zaina haibe.»

«Papa, hesabu haiseme vile.»

«Inasema nini?»

«Inasema bonbon haikutoka ku mulango, ilitoka ndani ya sashe. Sashe za wote.»

«Mimi nakuuliza juu ya Zaina. Wewe ni muntu wa Mungu. Uape hapa kama haibe, na mimi naenda kumutwaa sasa hivi.»

Rafiki, ile dakika ilikuwa nzito. Nilimupenda Mama Zaina. Kuapa ilikuwa neno moja tu. Lakini tumeambiwa ndiyo yetu iwe ndiyo, na Mwalimu pia alinionya: kionjo haione moyo ya muntu. «Siape, Papa. Nasema ile niliona. Na kama kulikuwa mwizi humu, bonbon haikubakia ya kumutosha kuiba.»

Aligeukia wamama. «Nani anazidisha?»

Tulisikia bati inalia na joto. Kisha Mama Regina, yeye wa kwanza, anaangalia vidole vyake: «Mimi natia moja. Ya Mungu. Juu pengine nimekosea hesabu, na mwenye kununua ni yatima. Nilifikiri ni mimi tu.»

«Na mimi,» wa uzi mweupe akasema. «Naongeza moja. Tangu mwanzo.»

«Mimi masasi ikilia, natia mbili,» wa uzi mweusi akasema.

Ilizunguka mukeka nzima. Wakristo waliogopa mizani ya uongo inachukiza Mungu. Waislamu waliogopa ole wao wenye kupunja. Na kila mumoja alikuwa anaficha yake, juu sadaka haipigiwe ngoma, na juu bonbon haikuwa yake. Walikuwa wanaangaliana sawa watu wamekutana ndani ya duka ya muganga.

«Muko munatoa sadaka na bonbon yangu,» Papa Ngongo akasema.

«Samahani, Papa. Thawabu tutagawana,» Mama Regina akajibu, na safari hii Papa Ngongo mwenyewe alicheka mpaka akajipangusa macho.

Hakungoja jioni. Alitukokota sote, tukafuata nyuma yake mpaka kwa Mama Zaina, na njiani aliingia sokoni akanunua kikwembe kipya. Kwetu, ukimufungulisha mama nguo mbele ya watu, unamufunika mbele ya wale wale. Tulimukuta Mama Zaina ku kiwanja, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Papa Ngongo alisema yote, kosa yake hakuifunika, akamunyooshea kikwembe na mikono miwili. Mama Zaina alikipokea, akakiweka juu ya kinu.

«Eliza, umeniapia?»

«Hapana, Mama.»

«Kwa nini?»

«Nilihesabu.»

Aliniangalia sana. Niliona imemuuma, na nilijua itamuuma kwanza, kisha impoe. Kisha alisema: «Sawa. Kiapo wangesema ni mapendo.» Akamugeukia Papa Ngongo. «Kesho nakuja. Lakini mimi natia mbili, usiniombe niache.»

Waliongea pale pale, sawa watu wa soko. Mwisho wake: moja ya kuzidi, ya wazi, matabishi, nyongeza ya nyumba kwa mwenye kununua, na kila muntu aijue. Fundi alichimba shimo ya makumi tano na moja ku ukingo wa ubao. Na ile inabakia nje ya mashimo, tangu siku ile nikaanza kuiuliza imetoka wapi.

Vita iliisha. Mama Zaina alifanya kazi mpaka macho ikakataa, akafa kwa kitanda yake, na jina yake ndani ya depo ilikuwa safi. Mimi nilibakia. Walipoleta mizani ya umeme, ilikuwa inalia tu sashe ikiwa nyepesi. Nilimusumbua fundi mpaka akaipanga ilie na ikiwa nzito pia. Ninyi vijana munalalamika juu ya ile makelele, najua. Mulalamike, lakini musiizime. Na vikaratasi ndani ya sufuria muvihifadhi: mashine inapima ile munaiwekea tu, na mukono wa binadamu unapenda kuweka ile ya juu.

Sasa shida ya leo. Salima, mujukuu wa Mama Zaina, anaombwa ndoa na jamaa moja ya Lokandu. Kijana ni mwema, binti anamutaka. Mwezi huu wazee wa upande wa kijana walikuja, wakakaa, wakakunywa chai, kisha mumoja akauliza: «Bibi yake, si ule wa bonbon? Ule walimukuta ku mulango?» Chai ikapoa. Walisema watarudi, na hawajarudi. Habari ya kwanza ilipanda pirogi siku ile ile. Habari ya pili ilibakia Kasuku, ndani ya kiwanja moja, kwa watu wachache, na wengi wao wamekwisha kuzikwa.

Nitaenda Lokandu mimi mwenyewe, mugongo ikikubali. Lakini mimi ni mudomo moja, na watanifikiri ni rafiki wa jamaa. Mwalimu Ramazani angesema kionjo ni ndogo. Njo sababu nawaomba ninyi wa meza, ninyi wa pirogi, wenye kusukuma kinga, baiskeli za mizigo, mpaka Kibombo, na kila muntu anasoma hii: muihadisie mahali mumefika, na mwenye kuisikia amuhadisie mwengine. Museme tulitoa sashe na vikaratasi, tukazifungua mbele ya wote, na bonbon zote zilikuwa ndani. Museme na ile mimi siwezi kuapa, musiifiche. Mukikuta wale wazee, museme polepole, binti anangoja.